Nyuma ya Ubao wa Ghorofa ya Nne

Jioni ile fundi alipanda tena jukwaani kwa ajili ya pimamaji tu.

Alikuwa amekwisha kunawa mikono na kuvaa shati la kurudia nyumbani. Shemeji yake, mdogo wa mke wake, ambaye kazini walimwita Redio kwa kuwa hazimiki, alikuwa amefunga vifaa na kukaa juu ya rundo la fito akimngoja. Ndipo fundi akakumbuka: pimamaji yake, ile ya kupimia usawa, imebaki juu, ghorofa ya nne. Ilikuwa ya marehemu mwalimu wake wa kazi. Haiwezi kulala nje.

"Nenda wewe, shemeji," Redio akasema. "Magoti yangu yamefunga ofisi tangu saa kumi na moja."

"Magoti yako lini yalifungua?"

Akapanda. Mabomba ya jukwaa yakalia chini ya uzito wake, ngazi kwa ngazi.

Jengo lenyewe lilikuwa la zamani, ghorofa tano, plasta imebabuka kama mgongo wa mtu aliyeungua jua. Wenye jengo walichoka kulipaka rangi kila mwaka, wakaamua kulivisha mbao kwa nje. Kazi hiyo huenda hivi. Kwanza fito zinapigiliwa ukutani, zimesimama. Juu ya fito zinalazwa mbao, moja juu ya nyingine, kutoka chini kwenda juu. Kila ubao una ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili, na ulimi wa huu unaingia kwenye mfereji wa ule, mpaka ukuta mzima unashikana kama vidole vya mikono miwili. Ukitaka kuutoa ubao wa katikati, huwezi. Lazima uanze kule juu kabisa, ushuke nazo zote. Na kati ya mbao na ukuta panabaki nafasi ya vidole vitatu, hewa ipite. Ukishapigilia, nafasi hiyo haionekani tena na mtu yeyote. Giza la mle ni la mle.

Sasa kuna jambo la kuungama, na afadhali liungamwe mapema. Mwalimu wake alimfundisha kuweka alama ndogo nyuma ya ubao mmoja wa kila ukuta, upande usioonekana. Mstari na mwaka, basi. Lakini huyu fundi, tangu aoe, aliacha alama ya mwalimu akaanza kuandika jina la mke wake. Alimpenda, na kumpenda mke si dhambi. Ila alipenda pia kujiona mtu mwenye siri nzuri. Kujiona huko ndiko kulikomponza.

Siku ile ubao wenye jina ulikuwa umeegemezwa ghorofa ya nne, tayari kwa kupigiliwa asubuhi. Mbao zilikuwa zimefika usawa wa kidirisha kimoja chembamba, kidirisha pekee katika ukuta wote wa ubavuni. Kioo chake kilikuwa kimepakwa rangi nyeupe kwa ndani. Wiki tatu walizofanya kazi hapo, hakikufunguliwa hata mara moja.

Sasa kilikuwa wazi kidogo. Upana wa mkono.

Fundi akainama kuchukua pimamaji. Akasikia harufu. Chokaa mbichi, ile iliyomwagiwa maji sasa hivi, inayokwaruza koo. Akashangaa, maana hapakuwa na mtu anayepaka chokaa jengo zima.

"Fundi."

Ilikuwa sauti ya kike, ndogo, ya mtu asiyetaka kumwamsha mtoto.

Akatazama dirishani. Ndani alisimama mwanamke, kitambaa kichwani, amempa mgongo. Fundi akadhani hajavaa vizuri, akageuza macho kwa adabu.

"Samahani, mama. Nachukua kifaa changu tu."

"Umeandika nini kwenye ubao?"

Mtu aliyempa mgongo ameonaje ubao? Swali hilo lilimjia baadaye sana, wakati halina faida.

"Jina la mke wangu, mama."

"Una mwandiko mzuri."

Jamani. Fundi aliacha shule angali mdogo, na shuleni alichopata kwa mwandiko wake ni viboko tu. Tangu hapo hakuna aliyemsifia herufi hata moja. Akahisi joto kifuani. Akatabasamu peke yake pale juu, kama mjinga.

"Ahsante, mama."

"Lakini jina hilo wanalo wengi... Ukuta utamjuaje?"

"Ukuta?" Akacheka.

"Ni binti wa nani, kwa mama?"

Kila mtu anafundishwa hili angali mtoto: asiyekujua akikuuliza jina la mama yako, nyamaza, ondoka. Fundi alifundishwa pia, na bibi yake, tena kwa kofi. Alijua. Isisemwe kwamba hakujua. Lakini penseli ilikuwa tayari sikioni, na ubao ulikuwa mweupe, na mtu alikuwa amemsifia mwandiko. Akaandika jina la mama mkwe wake chini ya jina la mkewe, taratibu, akizungusha herufi vizuri ili yule mama aone.

"Kesho upigilie wewe mwenyewe," sauti ikanong'ona. "Upande wa jina uelekee kwangu."

Kidirisha kikafungwa. Hakikutoa mlio wowote.

Chini, Redio alimwuliza, "Ulikuwa unaongea na nani?"

"Mpangaji. Mama mmoja."

"Mama mmoja, saa hizi, dirishani... Ngoja nimpigie dada simu."

Wakacheka wote wawili wakaenda zao.

Asubuhi msimamizi alikuja na ramani yake. Fundi akamwonyesha kidirisha. Msimamizi akaikunjua ramani juu ya goti, akaifuata kwa kidole.

"Ukuta huu hauna dirisha."

"Mkubwa, si hili hapa?"

"Ramani haina dirisha. Funika."

"Kuna mtu anaishi humo."

"Mimi nilikagua kila chumba kwa ndani. Huko nyuma hakuna dirisha. Funika, bwana, mvua inakuja."

Fundi akagonga kioo mara tatu. Kimya. Akaita. Kimya. Basi akapigilia ubao, upande wa jina umeelekea ndani, kama alivyoagizwa, akaendelea na mwingine, na mwingine. Baada ya siku nne walifika paa. Juu ya ule ubao zilikuwa zimelala mbao thelathini na sita.

Na siku ile ya nne, fundi alipofika nyumbani, alimkuta mkewe anakula amesimama, ameelekea ukuta wa jikoni.

"Mwenzangu, mbona unanipa mgongo?"

"Nakusikia," mkewe akajibu. "Chakula kiko mezani."

Akadhani amemkosea kitu. Akaanza kupekua moyoni makosa yake ya wiki nzima, na hakuyakosa. Akaomba radhi kwa yote, moja moja. Mkewe akasema, "Nimekusamehe," kwa sauti nzuri tu, bila kugeuka.

Kesho yake alimkuta chumbani, amesimama mbele ya ukuta, pua yake umbali wa kiganja. Nywele zake zilinuka chokaa mbichi.

Siku iliyofuata, umbali wa vidole vinne.

Redio alikuja na vichekesho vyake vyote. "Dada, umeuona ukuta tangu ndoa yako, leo ndio umekuvutia? Hata rangi yake mbaya!" Dada mtu hakucheka. Redio akajaribu kumgeuza kwa mabega, polepole, kama utani. Alipogeuzwa nusu, mwanamke akakata pumzi. Kabisa. Midomo ikawa ya zambarau. Wakamwachia, akarudi mwenyewe kama mlango wenye bawaba mbovu, na alipoukabili ukuta, pumzi ikarudi.

Redio akakaa chini sakafuni. Hakusema neno. Ilikuwa mara ya kwanza.

Daktari alikuja nyumbani, akamtazama, akaandika dawa za usingizi. Watu wa sala walikuja wakaimba na kuomba mpaka shingo zikatoka mishipa, na mgonjwa akaitikia amina zote mahali pake, akiuambia ukuta. Fundi naye alipiga magoti nyuma yake. Aliomba huku akijua kuna kitu hajakisema kwa Mungu, na ombi la namna hiyo huwa zito kulinyanyua.

Siku ya tano ya ugonjwa alishika bakuli la uji amlishe.

Kijiko hakikupita kati ya uso wake na ukuta.

Akajaribu kwa upande. Uji ukateremka ukutani. Mkewe alikuwa amefumba macho, paji la uso limegusa, na ngozi pale ilikuwa imeanza kuwa nyeupe, ya unga unga.

"Mke wangu, kula. Utakufa."

"Siwezi kufa," akanong'ona. "Nakaribia kuingia. Kuna nafasi... vidole vitatu."

Bakuli likamtoka fundi mkononi.

Mwanamke huyu hakuwahi kukanyaga kazini kwake. Hakujua fito, hakujua ulimi wala mfereji. Nani alimwambia habari ya vidole vitatu?

Alitoka mbio mchana ule ule, hana kofia. Kwenye lile jengo alikuwapo mama mmoja mtu mzima aliyetunza funguo za vyumba vyote, na wapangaji walimwita Mama Funguo. Fundi akamsihi amfungulie chumba cha ghorofa ya nne, kile cha ubavuni. Kilikuwa kitupu. Wakaingia hadi jikoni. Mahali ambapo kwa nje kulikuwa na dirisha, ndani palikuwa na ukuta laini, mzima, umepakwa rangi ya kijani.

Fundi akaugonga. Ulijaa tofali.

"Dirisha?" Mama Funguo akasema. "Mwanangu, tangu nianze kazi hapa sijaona dirisha."

"Mama, nimeongea na mtu hapa. Kwa nje. Mwanamke."

Mama Funguo akaangalia mlango nyuma yake. Kisha akasema chinichini, haraka haraka, kama mtu anayetema kitu.

"Aliyenitangulia kushika funguo aliniambia. Mimi sikuona, usije ukanitaja. Aliletwa bibi arusi hapa, zamani, jengo likiwa jipya. Siku moja akaelekea ukuta. Hakugeuka. Wakaletwa waganga, wakaletwa madaktari. Asubuhi moja mumewe akaamka, mke hayupo, na mlango umefungwa kwa ndani. Yule bwana akaziba dirisha kwa tofali na chokaa kwa mikono yake mwenyewe, akahama. Hakusema kwa nini."

"Labda alitokea dirishani? Yule mke."

"Ghorofa ya nne? Aende wapi? Chini hawakumwona."

Kisha Mama Funguo akashika funguo zake kwa mikono miwili zisilie, akatangulia kutoka.

Mchana huo huo fundi na Redio walipanda paani na mitarimbo na randa. Msimamizi alipiga kelele kutoka chini. Fundi akamwambia mbao zimepigiliwa vibaya, zitapinda, ni kosa lake na atazirudisha. Ulikuwa uongo. Ubao wa kwanza ukatoka. Wa pili. Wa kumi. Fundi aling'oa, Redio akateremsha, anapanda, anateremsha, jasho limemwingia machoni, na kila akifika juu anauliza swali lile lile.

"Bado?"

"Bado."

Ishirini. Thelathini. Harufu ikaanza. Simu ya Redio ikalia. Ni jirani aliyeachiwa mgonjwa. Redio akasikiliza, akaweka simu mfukoni.

"Anasema dada ameanza kunywea. Mabega. Anasema kama vile... amekuwa bapa."

"Teremsha hizo," fundi akasema. "Teremsha zote, fanya haraka."

Ubao wa thelathini na sita ukatoka, na fundi alikuwa peke yake pale juu.

Kidirisha kilikuwa wazi.

Hakutazama ndani. Aliukamata ubao wenye jina, akaung'oa na misumari yake, akaugeuza. Penseli haikuwa penseli tena. Herufi zilikuwa zimezama kwenye mbao kama zimechomwa kwa chuma. Jina la mkewe, na jina la mama mkwe wake, kwa ule mwandiko mzuri.

Akachukua randa. Akapiga mara moja. Ganda jembamba la ubao likajikunja, likadondoka, na juu ya lile ganda jina lilikuwapo. Akatazama ubao. Jina lilikuwapo bado. Akapiga tena. Likatoka ganda jingine, na jina. Akapiga, akapiga, maranda yakajaa miguuni pake, kila moja limebeba jina la mke wake, anamwita Mungu kwa sauti. Na alipokuwa amekula nusu ya unene wa ubao, herufi zikaanza kufifia. Zikabaki mistari. Zikaisha.

Akaushusha ubao. Akashusha pumzi.

"Ubao hauachwi mtupu, fundi."

Ilikuwa karibu. Karibu kuliko dirisha.

"Niache," fundi akanong'ona. "Niachie mke wangu. Kwa jina la Mungu."

"Mimi simshiki. Uliniandikia wewe." Sauti haikuwa na ukali. Ilikuwa imechoka. "Humu ni pembamba. Nimekaa peke yangu miaka mingi. Andika... au nilirudishe lile. Nimekwisha kulijua."

Fundi alisimama na penseli mkononi. Watu wengi walimpitia kichwani, na aibu iliyoje kusema ni akina nani. Msimamizi alimpitia. Mama Funguo alimpitia, kwa kuwa ni mzee. Redio alimpitia, Redio aliyekuwa chini pale akipanga mbao, akipiga mluzi wa woga. Hakuna aliyemwandika. Lakini walimpitia, kila mmoja, na aliwapima kama mtu anayechagua ubao.

Kisha akaona ujanja.

Akaandika jina la mtu asiyekuwapo. Alilitunga pale pale, jina la kike ambalo hakuwahi kulisikia kwa mtu yeyote maishani mwake. Ashike upepo, alijisemea.

"Zuri," sauti ikasema. "Binti wa nani?"

Hilo hakuwa amelifikiria. Kule chini simu ya Redio ikalia tena. Redio akaita, "Shemeji! Shemeji, anasema hapumui!" Na mkono wa fundi ukaandika. Uliandika jina ulilozoea kuliandika nyuma ya mbao miaka yote, jina la mkewe.

Alipoona alichoandika, akaondoa penseli haraka. Kisha akajituliza. Hakuna ubaya. Mke wake hana mtoto. Binti huyo hayupo duniani, hana mwili, hana uso wa kuuelekeza popote.

"Ahsante," sauti ikasema, polepole. "Nitamngoja."

Fundi akapigilia.

Kabla hajamaliza msumari wa mwisho, Redio alikuwa anapiga kelele kwa furaha kule chini. Dada ameanguka kutoka ukutani. Dada amekaa sakafuni, anaomba maji. Anauliza nani amemwaga uji.

Walirudishia mbao zote, jukwaa likafunguliwa, mbao zikapakwa mafuta. Jengo likapendeza. Watu waliopita walisimama kulitazama. Fundi alipita njia nyingine.

Mkewe hakukumbuka kitu isipokuwa baridi. Alipona kabisa, akanenepa, akacheka. Miezi mitatu ikapita. Asubuhi moja alimshika fundi mkono, akauweka tumboni mwake, akamtazama usoni kwa macho yaliyojaa machozi ya furaha, akangoja aone atafanyaje.

Fundi alipiga magoti. Mkewe alidhani anashukuru.

Alijiambia atakuwa wa kiume. Mwezi wa nane wa mimba, mganga wa kliniki akasema ni binti. Alijiambia atachagua jina mwenyewe, jina zuri la kwenye maandiko, na atalitangaza mapema kabla mtu hajafungua mdomo. Alilitangaza. Mkewe akalipenda. Redio akalipenda, akaanza kumwita hivyo mtoto aliye tumboni na kumsimulia habari za mpira. Fundi akalala vizuri wiki mbili.

Kisha siku moja, saa nane mchana, mkewe alikuwa anafuta meza. Akaacha. Akasimama na kitambaa mkononi kama mtu aliyeitwa.

"Mwenzangu," akasema, "hivi jina hili unalionaje?"

Akalitaja.

Herufi kwa herufi. Jina ambalo halikuwa la mtu yeyote.

"Umelitoa wapi?" Fundi alisikia sauti yake ikitoka mbali.

"Sijui. Limenijia tu. Nimejisikia kama ni lake tangu zamani." Akacheka kidogo. "Nikilisema, anageuka. Njoo, weka mkono. Sikia... anageukia upande mmoja tu. Upande wa ukuta."

Ndipo fundi akaungama. Aliungama yote, ameketi kwenye kiti cha jikoni, mikono magotini. Kidirisha, sifa za mwandiko, jina la mama mkwe, maranda. Aliungama hata wale watu aliowapima kichwani, na kwamba mmoja alikuwa mdogo wake yeye mke. Hakujitetea mahali popote. Alipomaliza, kitambaa cha meza kilikuwa kimekauka mkononi mwa mkewe.

Alingoja alie. Alingoja ampige.

Mkewe aliweka mkono mmoja juu ya tumbo. Kisha akasema, kwa sauti ndogo sana, "Basi kaandike lako."

Fundi akainua uso.

"Lako," mkewe akasema. "Na la mama yako."

Saa nne asubuhi iliyofuata alikuwa paani, amejifunga kamba kiunoni, Redio ameishikilia. Alimdanganya Redio kwamba kuna ubao umepasuka. Ulikuwa uongo wake wa mwisho, na alimwomba Mungu msamaha wake wakati anashuka. Jua lilikuwa kali. Watoto walicheza chini. Aling'oa mbao zote thelathini na sita, akazifunga kamba moja moja, hakuharakisha. Akaupiga randa ubao ule mpaka ukabaki mwembamba kama kifuniko cha sanduku, na jina la binti yake likaisha.

Akaandika. Hakuzungusha herufi. Akapigilia.

Safari hii hakuna aliyesema kitu dirishani. Alisikia tu, ndani kule, mtu akisogea kidogo upande... kama anayempisha mwenzake nafasi.

Mtoto alizaliwa salama wiki iliyofuata, mzito, mwenye sauti. Walimleta nyumbani saa za adhuhuri. Redio alikuwa anaongea tangu mlangoni, anasema mtoto amechukua masikio yake, bahati mbaya sana. Mke akamwambia anyamaze. Akaja chumbani peke yake, akatembea taratibu mpaka nyuma ya mume wake, akasimama.

"Mwenzangu," akasema. "Huyu hapa. Geuka umwone."

Fundi alimsikia. Alisikia mtoto akipumua, pumzi fupi fupi. Alinusa maziwa, kwa mbali, kupitia ile chokaa.

"Mara moja tu," mkewe akasema. Sasa alikuwa analia. "Geuka hata kidogo, umwone mwanao."

Alitaka. Mungu ni shahidi, alikusanya nguvu zote alizowahi kubebea mbao, akataka kugeuka.

Ukuta ulikuwa baridi. Ulikuwa umefunguka kidogo.